Meza ya Kwanza

Anjelina alikuwa na makombe matatu ya chesi, na yote matatu aliyaonea haya.

Aliyapata akiwa chuo kikuu, hapo hapo Dodoma, akisomea takwimu, kwenye mashindano ya wanawake. Ukisikia hivyo utadhani alipambana. Mwaka wa kwanza walijiandikisha watatu. Mmoja akaugua malaria, na mwingine ndiyo kwanza alikuwa anajifunza farasi anaendaje. Mwaka uliofuata walikuwa wawili. Mwaka wa mwisho Anjelina aliitwa mbele, akapigiwa makofi na kukabidhiwa kombe kubwa kuliko yote bila kusogeza hata kete moja, maana hakukuwa na mwanamke mwingine aliyejitokeza. Hilo kubwa mama yake alilibeba hadi nyumbani kwake Kibakwe, akaliweka kabatini kati ya birika na vikombe vya wageni, na hakuna mgeni anayeinuka pale kabla hajasimuliwa habari zake. Anjelina akienda likizo hukaa amelipa kisogo.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu, na alikitaka mno: kujua yeye ni mchezaji wa kiasi gani. Hakuna aliyewahi kumwambia. Wavulana wa chuo wakimfunga walisema, “Umejitahidi, dada.” Akiwafunga yeye, walisema walikuwa wanamtia moyo. Haya, niambie, mtu atajipima kwa kipimo gani hapo?

Sasa alikuwa mtakwimu katika wizara moja kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ambako majengo ni mapya na vumbi ni lile lile la zamani. Asubuhi moja likabandikwa tangazo kwamba michezo ya wizara ya mwaka huu, pamoja na mpira, netiboli na kuvuta kamba, itakuwa na chesi. Kila wizara ilete timu ya watu wanne. Mchezaji mkali kuliko wote aketi meza ya kwanza, apambane na wakali wa wizara nyingine. Pembeni kutakuwa na meza ya akina mama, yenye medali yake. Anjelina alilisoma tangazo lile amesimama, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa. Meza ya kwanza! Pale hakuna mtu wa kumtia moyo mtu.

“Achana na hivyo vidude,” alisema Rose wa masijala, rafiki yake na nahodha wa timu ya kamba. “Mabega kama hayo, unataka kuyakalisha kitini? Njoo tuvute kamba, tuwaburuze wale wa wizara jirani kama mwaka jana.”

“Kamba nitavuta jioni. Lakini meza ya kwanza naitaka, Rose.”

Rose akacheka mpaka akashika ukuta. “Unaitaka? Ina mwenyewe, shoga yangu.”

Kweli ilikuwa na mwenyewe. Bwana Ambokile, mkuu wa kitengo chao, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa miraba minne, mcheshi, anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake. Tangu wizara ilipohamia Dodoma alikuwa bingwa wa drafti, na hapakuwa na dereva wala mkurugenzi aliyefurukuta mbele yake. Chesi ilipotangazwa alilihamisha genge lake lote la drafti, kama mtu anavyohamisha ng’ombe malisho, wakahamia kwenye chumba cha michezo nyuma ya kantini. Hakuna aliyeuliza nani atakaa meza ya kwanza. Kulikuwa na swali hapo?

Siku Anjelina alipoingia chumbani humo wakati wa chai ya saa nne, aliwakuta wamezunguka ubao mmoja kwa kelele za sokoni. Alimwamkia bosi wake, akaitikiwa vizuri, kisha akaomba kucheza.

“Karibu sana, binti yangu,” alisema Bwana Ambokile, macho yakimcheka. “Ila jamani, tukubaliane kabla hatujaanza. Mwanamume yeyote atakayefungwa na huyu binti, tunamwingiza Klabu ya Anjelina. Na mwanachama kazi yake ni kutuchemshia chai.”

Kicheko kikalipuka. Mzee Bartolomayo, dereva mkongwe kuliko wote pale, akagonga meza mpaka kete zikaruka.

“Bosi, hiyo klabu ilishaanzishwa zamani,” Anjelina alisema, akivuta kiti. “Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tisa, huko Ulaya.”

Akawasimulia. Na hapa nikwambie, kusimulia habari za wanawake wa chesi ndiko kulikuwa ugonjwa wake. Ukimgusa hapo umeumia. Aliwaambia juu ya Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake, aliyealikwa kwenye mashindano makubwa ya wanaume katika mji wa Karlsbad. Bwana mmoja aitwaye Becker akaona ni mzaha. Akatangaza kwamba atakayefungwa na Vera aingizwe Klabu ya Vera Menchik.

“Ikawaje?” aliuliza Bartolomayo.

“Becker mwenyewe akawa mwanachama wa kwanza.”

Walicheka sana, na aliyecheka kuliko wote ni Bwana Ambokile. Anjelina hakuwaficha kwamba mwisho wa mashindano yale Vera alishika mkia. Lakini alirudi tena na tena kwenye meza zile, na miaka iliyofuata akamfunga hata Max Euwe, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa wanaume. Akaendelea na Nona Gaprindashvili wa Georgia, nchi ambako inasemekana bibi harusi alipelekwa kwa mume na ubao wa chesi kati ya vyombo vyake. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza kupewa cheo kamili cha ubingwa mkuu, cheo kile kile cha wanaume. Akamalizia na Judit Polgar wa Hungaria, aliyekataa katakata kuhangaikia taji la wanawake, akaketi na wanaume mpaka akaingia kumi bora ya dunia.

“Hao wote Wazungu,” alisema Bartolomayo.

“Wachina pia wamelitwaa hilo taji la wanawake, tena zaidi ya mara moja.”

“Na Mwafrika?”

Anjelina akapanga kete zake. “Wapo wanaokuja vizuri, Misri, Zambia. Ila taji la dunia bado halijafika kwetu.”

“Basi cheza, tulione linavyokuja,” alisema Bwana Ambokile, akasukuma askari wake wa kwanza.

Hakumaliza hata kikombe chake. Wewe unayejua drafti utaelewa kilichomponza. Katika drafti kula si hiari. Ukiwekewa kete lazima uile, upende usipende, na mtegaji hodari hukulisha moja ili yeye ale tatu. Bwana Ambokile alikuwa ameila drafti miaka yote hiyo, na mkono wake ulishajifunza kazi: ukiona cha kula unaondoka wenyewe. Sheria ya chesi, kwamba unaweza kuacha, aliijua kichwani. Mkono haukuwa na habari. Anjelina akamtupia askari, akala. Akamtupia farasi, akala. Mashabiki nao walikuwa wakipiga kelele za drafti, “Mle huyo! Lazima ule!” Alipoinua macho, mfalme wake alikuwa ameachwa uwanjani peke yake kama mbuzi wa kuuzwa, na malkia wa Anjelina amesimama mbele yake.

Kisha Bwana Ambokile akasimama, akavua koti, akaliweka vizuri kwenye kiti, akaenda kuwasha jiko la chai. Nilikwambia alikuwa mcheshi. Ongeza kwamba alikuwa mkweli. Wiki ile chai ilichemshwa na wanachama wapya kila siku, na ya Bartolomayo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Lakini Anjelina hakufurahi kama ulivyodhani. Kumlisha mtu farasi kwa sababu mkono wake una mazoea si ushindi wa kupigia vigelegele. Alikuwa amewafunga wacheza drafti. Chesi yake ilikuwa bado haijapimwa.

Ila Bwana Ambokile hakuwa mtu wa kukaa na aibu. Alianza kusoma. Walimkuta kwenye foleni ya benki amezama kwenye simu, anatazama mechi za mabingwa. Na kuhusu ule mkono wake alipata dawa ambayo mpaka leo wanaisimulia pale kantini: aliukalia. Kila ilipofika zamu yake, mkono wa kulia aliuweka chini ya paja lake, akaukalia kabisa kwa uzito wake wote, mpaka kichwa kimalize kufikiri. Anjelina akimtupia kitu, alikitazama, akatabasamu, akatikisa kichwa. “Sili,” alisema. Neno hilo alilipenda kama mtoto anavyopenda neno jipya. “Sili, binti yangu. Siku hizi nimeacha.”

Na akaanza kushinda. Kwanza moja, akashangilia kiungwana. Kisha mbili mfululizo. Mashabiki nao alikuwa amewafundisha adabu ya chesi, kwamba watu hunyamaza, ingawa Bartolomayo alikuwa akinyamaza kwa kuguna. Kufika mwezi wa michezo, Anjelina na bosi wake walikuwa wanafungana kwa zamu, na hakuna aliyeweza kusema nani zaidi.

Hapo ndipo Bwana Ambokile alipomwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamwongelesha kwa upole kama baba.

“Anjelina, nimekufikiria sana. Wewe nitakupeleka meza ya akina mama. Ile medali ni ya kwako, nimeuliza, wizara nyingi hazina mwanamke anayecheza. Medali ya uhakika! Mimi nitakaa ya kwanza, nipambane na wale wenzangu.”

Alisema kwa nia njema, na ndiyo iliyomuuma Anjelina zaidi. Angekuwa mtu mbaya angemjibu vibaya, yakaisha. Aliona kombe la nne likimjia, limeng’aa, halina mtu aliyelipigania.

“Bosi, nisamehe. Sitaki medali ya uhakika. Nataka meza ya kwanza.”

Bwana Ambokile akashtuka kidogo. “Mimi ni mkuu wako wa kitengo. Miaka yote kwenye drafti nimekaa ya kwanza. Wenzangu watasemaje wakiniona ya pili?”

“Watasema wizara yetu ina wakali wawili.”

Akamtazama sana. Akachukua kalamu, akaiweka. “Ijumaa baada ya kazi,” alisema hatimaye. “Mechi moja. Atakayeshinda akae.”

Ijumaa ilipofika chumba kilijaa mpaka madirishani. Rose alikuja na timu nzima ya kamba, wakasimama nyuma ya Anjelina kifua mbele kama walinzi. Upepo wa Mtumba ulikuwa ukigonga bati la kantini, na Anjelina, nikwambie ukweli, alikuwa anaogopa. Akifungwa leo, atakwenda kwenye ile meza ya pembeni, na atakwenda akijua ndiyo saizi yake.

Bwana Ambokile alicheza vizuri mno. Aliukalia mkono tangu mwanzo, akajenga ulinzi wake taratibu, akamweka mfalme kwenye kona, salama salimini, askari wawili mbele yake na kete ya ngome karibu. Anjelina alimtupia askari. “Sili.” Akamwachia askofu wazi, kama amesahau. Bosi akamtazama askofu yule, akamtazama Anjelina, akacheka bila sauti. “Sili, mama.” Yeye ndiye aliyekuwa anasogea mbele sasa, hatua kwa hatua, na kama angepewa nafasi kidogo zaidi angemaliza kazi. Rose aliiona sura ya rafiki yake, akaacha kutafuna karanga.

Anjelina akafumba macho. Aliacha kufikiria mitego. Mtu huyu hali tena, basi. Acha kumlisha, mfuate kule kule aliko. Alipofumbua aliona farasi wake mmoja, aliyekuwa amekaa katikati kimya, na njia ya malkia iliyokuwa wazi. Akamrusha farasi. Cheki. Mfalme akasogea. Farasi akaruka tena, mfalme akatishwa na wawili kwa mpigo, farasi na malkia. Hakuwa na pa kwenda ila kurudi kule kule konani, kwenye kumbatio la askari wake.

Kisha Anjelina akamnyanyua malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni, akamtua katikati ya mfalme na ngome yake, pua kwa pua.

“Cheki,” alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

Chumba kizima kikavuta pumzi. Malkia! Amemtoa malkia! Bwana Ambokile alimtazama malkia yule kwa muda mrefu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Ukimwangalia ungeona mkono wake unapigana chini ya paja. Halafu uso ukafunguka, akaegemea kiti kwa raha ya mtu aliyeshinda vita na nafsi yake.

“Sili!” alitangaza.

Akanyoosha mkono wa kushoto amwondoe mfalme, amsogeze pembeni, hakuna pembeni. Amle malkia kwa mfalme mwenyewe. Farasi wa Anjelina anamlinda malkia, haiwezekani. Aweke kete katikati. Hakuna katikati, wamegusana. Akatafuta tena, polepole, nyumba moja moja, na tabasamu likaanza kumtoka kama maji kwenye gudulia lililopasuka.

“Bosi,” alisema Anjelina kwa upole kabisa, “hapo lazima ule.”

Bartolomayo ndiye aliyeanza. Kilimtoka kicheko kilichokuwa kimefungiwa miezi yote ya adabu, na chumba kizima kikamfuata. Wanawake wa kamba walishikana mabega wasianguke. Bwana Ambokile akautoa mkono wa kulia chini ya paja, ukiwa umekufa ganzi, akautikisa, akala malkia kwa ngome. Sasa mfalme wake alikuwa amezingirwa na watu wake mwenyewe, ngome ubavuni, askari mbele, hana pa kupumulia. Anjelina akamrusha farasi kwa mara ya mwisho.

“Cheki-meti.”

Bosi hakucheka mara moja. Aliutazama ubao, na Anjelina aliona kwamba ameumia, ameumia kweli, siyo kimchezo. Akamhurumia, lakini hakuomba radhi. Baadaye kidogo Bwana Ambokile akapumua, akanyoosha mkono wake wenye ganzi.

“Huu haukuwa mtego wa drafti,” alisema. “Hii umenifunga.”

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi mmoja mjini, na Anjelina akaketi meza ya kwanza. Mpinzani wake wa siku ya kwanza alikuwa Iddy, mhasibu wa wizara nyingine, kijana mwembamba wa Kondoa, mpole, mwenye miwani. Alisalimia, akaketi, na tangu alipogusa askari wa kwanza hakumwangalia tena usoni. Aliangalia ubao tu. Hakumhurumia wala hakumdharau. Walicheza mpaka meza nyingine zote zikawa zimemaliza, mpaka bosi wake, aliyeshinda kwenye meza ya pili, akaja kusimama nyuma yake ameshika chupa ya maji. Anjelina alipigana kwa kila alichonacho. Akafungwa.

Akampa Iddy mkono, akasubiri. Alilijua neno linalofuata. Alilisikia maisha yake yote. Umejitahidi, dada.

“Pale ulipomsukuma askari wa pembeni ulikosea,” alisema Iddy, akivua miwani kuifuta. “Ulikosea vibaya. Na kabla ya pale ulikuwa umenishika. Farasi wako angeingia, mimi nimekwisha. Mbona uliogopa?”

Anjelina alihisi kitu kikimpanda kifuani, na kilipofika mdomoni kikawa kicheko, kicheko cha furaha tupu, mpaka msimamizi akageuka kutazama.

“Wapi?” alisema. “Nionyeshe!”

Iddy akaanza kurudisha kete ubaoni. Bwana Ambokile akainama sikioni mwa Anjelina, akampa yale maji.

“Pole sana, binti yangu. Sikiliza, kama kesho unataka kupumzika, mimi ninaweza kukaa hapa, wewe ukae yangu, siyo vibaya…”

“Bosi,” alisema Anjelina bila kuinua macho ubaoni, “kesho nakaa hapa hapa. Vuta kiti, uone nilivyokosea.”

Bwana Ambokile akavuta kiti.